Cheti cha Jiji la Mfano

3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Najua utalalamika kwamba barua yangu imechapwa kwa mashine kama hati ya kumfukuza mtu kazi. Vumilia. Mkono wangu ulishasahau kuandika, na wewe kwenye simu hujibu neno moja moja kama unayelipishwa kwa herufi.

Habari yenyewe ni hii. Umoja wa miji ulioniajiri umetoa mwongozo wa kuzihimiza halmashauri zitumie umeme kwa akili. Jina lililo juu ni la Mkurugenzi wetu, lakini aliyeuandika ni mimi. Jiji litakalopunguza umeme wa jengo lake kuu kwa robo, katika miezi miwili ya Aprili na Mei, litapewa cheti cha Jiji la Mfano. Nyuma ya cheti kuna msaada wenyewe: taa mpya, feni mpya na pampu za maji kwa majengo yake yote, shule na zahanati zikiwamo. Mkurugenzi akaongeza na fimbo. Jengo lolote la umma ambalo matumizi yake yatapanda badala ya kushuka litafungiwa kifaa kinachokata umeme kila yakizidi kiwango.

Kipimo ni mita ya jengo, basi. Nimelipigania hilo wiki tatu. Wenzangu walitaka ripoti za kamati. Nikawaambia ripoti huandikwa na watu, ila mita haina mjomba. Unisamehe kwa mfano huo.

Jiji lenu limejiandikisha, nawe ndiye fundi umeme wa jengo la halmashauri. Niandikie unachokiona, si wanachosema. Na umsalimie Mama hapo zahanati kwake, mnapakana ukuta kwa ukuta lakini nasikia hamwonani mpaka msiba.

Mpwa wako


19 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Unaniuliza ninachokiona. Naona kamati.

Kamati ya Kubana Matumizi ina wajumbe kumi na wanne. Hukutana chumba cha mikutano, ambako kiyoyozi kimewekwa digrii kumi na sita kwa heshima ya mwenyekiti. Baridi ikiwazidi, hufungua madirisha. Mjumbe mmoja huja na sweta, mwingine huja na shali ya mkewe ameikunja ndani ya faili. Kikao cha kwanza kiliazimia kubandika karatasi zenye neno ZIMA juu ya kila swichi. Nikawaeleza, kwa adabu zote za kibarua, kwamba ghorofa ya kwanza nzima ina swichi moja, na swichi hiyo imekaa chooni. Mwenye haja akitii karatasi anawatia gizani watu arobaini. Mwenyekiti akasema hoja ipelekwe kamati ndogo. Kamati ndogo imeundwa, na imeshaomba kiyoyozi.

Mwenyekiti huyo ni ofisa wa majengo. Sisi wa chini tunamwita Bwana Asilimia, kwa sababu hata ukimuuliza hali hujibu kwa mia. Nilimfuata nikamwambia paa lipakwe rangi nyeupe, jua lisitupike, na vile viyoyozi vikongwe vioshwe, maana nilifungua kimoja nikakuta ukungu umeota manyoya, unaweza kuuita paka ukaitika. Akanitazama kama mtu aliyetapikiwa kiatu.

"Fundi, rangi haionekani kwenye mita."

"Itaonekana, mkuu."

"Lini?"

"Joto likianza. Mwisho wa mwaka hivi."

"Mimi nataka Aprili."

Basi atapata yake ya Aprili. Mengine ni kazi za waya, mambo ya ngazi na bisibisi, hayana utamu wa kuandikwa. Amenitajia ajira ya kudumu. Mwaka wa tisa huu mimi ni kibarua, mpwa wangu. Hilo neno "kudumu" nikilisikia masikio hunisimama kama ya sungura.

Mama yako mzima. Jana nilimwona akianika mashuka ya wodi. Nilimpungia mkono. Nadhani jua lilikuwa machoni mwake.

Mjomba wako, Fundi


2 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nimepata hesabu za mita. Jengo lenu limeshuka asilimia thelathini na moja! Hakuna jiji jingine lililofika hata ishirini. Mkurugenzi amenipa mkono mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na tarehe 4 Julai atakuja mwenyewe kukabidhi cheti.

Lakini zahanati ya Mama imepanda karibu maradufu.

Nilimpigia. Nilimuuliza kama wauguzi wanapikia kwenye umeme, au wanapiga pasi, au wanachaji simu za mtaa mzima. Akaniuliza mimi ni mwanawe au mkaguzi. Nikajibu, Mungu anisamehe, kwamba katika jambo hili mimi ni mkaguzi. Tangu siku hiyo hapokei simu.

Kile kifaa cha kukata umeme walikifunga kwake wiki iliyopita. Ningezuiaje? Nisimame mbele ya Mkurugenzi niseme zahanati ya mama yangu isamehewe?

Wewe unafika upande ule, unazijua nyaya. Kuna nini pale? Nijibu upesi, na safari hii usinichekeshe.

Mpwa wako


11 Juni

Kwa Mkaguzi,

Ninakuandikia ili iwemo kwenye faili lako.

Hapa hakuna anayepika. Hakuna anayepiga pasi. Simu tunachajia majumbani mwetu. Tuna taa kumi na moja, friji moja ya chanjo, feni tatu ambazo mbili zinazunguka, na mashine ya kuchemshia vyombo vya kuzalishia. Vilikuwa vivyo hivyo mwaka jana na mwaka juzi.

Kifaa chenu wauguzi wamekiita Bahili. Kinaanza kukata saa nne asubuhi. Tunawasha, kinakata. Saa kumi jioni kinatulia kama mtu aliyetoka kazini. Jumamosi, siku ambayo kliniki ya watoto imejaa mpaka barazani, hakikati hata mara moja. Sijui kinahesabu nini, mimi si mtu wa hesabu.

Jumanne alikuja binti wa uzazi wa kwanza, njia imeshafunguka. Vyombo vilikuwa kwenye mashine. Bahili akakata. Tukawasha, vikaanza upya, akakata tena. Sikati kitovu cha mtoto wa mtu kwa mkasi ambao haujachemka. Nilimsimamisha dereva wa lori la saruji, tukampakia binti tumpeleke hospitali kuu. Hatukufika. Alijifungua juu ya mifuko, mimi nimepiga magoti, dereva amegeukia barabara anasoma dua zote anazozijua.

Mtoto mzima. Mama yake ameshonwa na anaendelea. Mimi nimezalisha miaka ishirini na sita, na sijawahi kumpangusa mtoto mchanga saruji masikioni. Nimerudi nyumbani nimeoga mara mbili na bado najiona mchafu.

Chanjo nimezihamishia kwenye sanduku la barafu la muuza samaki. Chanjo haijali harufu. Mimi najali.

Umejibiwa.

Muuguzi Msimamizi
(na mama yako, siku za mapumziko)


14 Juni

Mpwa wangu,

Sitakuchekesha.

Mwezi wa tatu katikati Bwana Asilimia aliniita, akafunga mlango. Akasema kisanduku chetu cha umeme kimechoka, viyoyozi vya ukumbi wa madiwani, vya ofisi ya meya na vya kamati vihamishiwe "kwa muda" kwenye kisanduku cha jirani. Jirani ni nani? Zahanati. Nilijua kisanduku chetu ni kizima, nilikifunga mimi. Nilijua maana ya "kwa muda". Na nilijua mita ya nani itazunguka. Nilivuta kebo Jumapili mchana, wauguzi wawili tu zamu, nikawaambia nakarabati waya wa taa ya nje. Mmoja akanipa maji ya kunywa. Nikayanywa.

Kwa hiyo jengo letu halijabana kitu. Baridi ni ile ile, sweta ni zile zile. Tulichofanya ni kama mtu anayefagia kwake akisukumia uchafu mlangoni kwa jirani, halafu anapewa zawadi ya usafi. Na jirani mwenyewe dada yangu.

Nilijipa moyo nikasema ni miezi miwili, cheti kikija zahanati nayo itapata taa na feni, kila mtu atakuwa amekula. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hoja. Kile kifaa cha kukata sikukiwazia: kinasoma mita nzima lakini kinakata nyaya za zahanati tu, kebo yangu imeshika juu yake, ndiyo maana kwetu baridi haijakatika hata siku moja. Nilisoma mwongozo wako hadi penye neno "feni" nikaridhika.

Jumatano nilisikia habari ya lori kwa muuza magazeti, ikisimuliwa kama kichekesho. Nilicheka na wenzangu, kisha nikauliza zahanati gani.

Kebo bado ipo. Nikiikata leo, Asilimia atasema haikuwahi kuwapo, mita itashuka, na mama yako atabaki mfujaji aliyejirekebisha baada ya kuchapwa. Niambie unatakaje.

Mjomba wako, ukipenda bado kuniita hivyo


20 Juni

Mjomba,

Shikamoo, kwa sababu nimefunzwa.

Barua ya Mama ilinifikia kabla ya yako. Saa nne mpaka kumi, Jumatatu hadi Ijumaa. Nilizisoma saa hizo mara tatu. Ni saa za ofisi, Mjomba. Mtoto wa darasa la tano angeona. Mimi, mwenye digrii ya mambo hayo, niliweka barua chini nikajiambia labda kuna daktari mgeni mwenye kiyoyozi chake. Kumbe nilikuwa nalinda asilimia thelathini na moja. Kwa hiyo siwezi hata kukuchukia vizuri, na hilo linaniudhi kuliko yote.

Nilimpelekea Mkurugenzi barua yako. Aliisoma amesimama. Akasema, "Huyu ni nani?" Nikasema fundi. "Wa kudumu?" Nikasema kibarua. Akanirudishia kama mtu anayerudisha kitambaa kilichokwisha pengewa kamasi. Anasema mabango yameshachapwa, meya wa jiji lenu ameshaalika mameya wenzake sita, na hao sita wakiona cheti watajiunga na mwongozo. Uongo mmoja mdogo utaleta miji sita. Alilisema kwa sauti ya huruma, kama ananibembeleza ninywe dawa.

Miji sita itakayokuja kujifunza kuvuta kebo.

Mimi sitakuja kwenye sherehe, amenipangia kazi nyingine. Jambo la kukuagiza sina. Usiikate kebo. Zaidi ya hapo, yule unayepaswa kumuuliza anatakaje yuko ng'ambo ya ukuta, si mimi.

Mpwa wako


5 Julai

Mpwa wangu,

Nilivuka ukuta. Yaani nilizunguka nikaingia mlango wa mbele, kama watu. Mama yako alikuwa anahesabu bandeji. Nilimweleza yote nimesimama, hakuniambia nikae. Nilipomaliza aliendelea kuhesabu mpaka mwisho wa boksi. Kisha akauliza, "Swichi kubwa ni ipi?"

"Ile nyekundu, Dada."

"Sherehe saa ngapi?"

"Saa nne na nusu."

"Tarehe nne sina mzazi anayetarajiwa. Na akitokea, hakuna sherehe yako. Haya, nenda."

Jana, basi. Ukumbi wa madiwani umejaa, mameya sita safu ya mbele, Mkurugenzi wako katikati na tai yenye nyota. Nje jua linachoma paa lile lile nisiloruhusiwa kulipaka rangi. Ndani baridi ya kuhifadhia nyama. Meya akasema jiji lake limejinyima. Akasema, nanukuu, "hata mimi ofisini kwangu nimejifunza kuvumilia joto." Mmoja wa mameya wageni akapiga chafya.

Saa tano kasoro dakika kumi viyoyozi vyote vikakata pumzi. Taa zinawaka, kipaza sauti kinanguruma, umeme wa jengo upo. Baridi peke yake ndiyo imeondoka. Ukumbi ule madirisha yake hayafunguki. Yaligongwa misumari mwaka waliponunua viyoyozi. Watu mia na hamsini, suti mia. Baada ya robo saa pakaanza kunuka. Sikusifii harufu ile, ilikuwa ya soksi, pomedi na hotuba.

Bwana Asilimia akanifuata pembeni, jasho linamtiririka hadi kwenye beji. "Fundi, rekebisha."

"Siwezi, mkuu. Umeme wa viyoyozi umezimwa na mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Alipaswa kuuliza kwa sauti ya chini, lakini joto humvua mtu busara. Safu ya mbele wakageuka. Mlango ukafunguka, mama yako akaingia na sare yake, ameshika daftari la zahanati. Hakupanda jukwaani. Alisimama pale pale mlangoni akasema, "Ni mimi. Nimezima umeme wa zahanati yangu. Poleni, sikujua kwamba nyinyi ni wagonjwa wangu." Akaomba mtu yeyote mwenye nafasi afuatane naye aone kebo. Mameya wanne wakafuatana naye. Nadhani wawili walitaka hewa tu, lakini waliiona.

Cheti hakikutolewa. Mkurugenzi aliondoka nacho kwapani. Leo asubuhi nimefukuzwa kazi, kwa mdomo, kwa kuwa mkataba haukuwahi kuwapo wa kuvunja.

Mama yako alipopita karibu yangu akitoka, alinipa daftari nimshikie alipokuwa anafunga kamba za viatu vyake. Sijui kama hiyo ni salamu. Naihesabu.

Mjomba wako


18 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Kile kifaa kimeondolewa zahanati. Mama kanipigia mwenyewe, akaongea dakika mbili, nyingi zikiwa za kunitajia aina ya feni anayoitaka. Nililia baada ya kukata simu. Nilimwomba radhi na akasema, "Nimesikia," basi.

Mwongozo nimeuandika upya. Sasa mita za majengo yote ya jirani husomwa pamoja, na kila kebo inayotoka jengo moja kwenda jingine huandikwa imetoka wapi, inaenda wapi, na nani aliamuru. Hakuna jengo litakalokatiwa umeme kabla fundi hajaingia ndani akaona kilichowashwa. Na jiji linaloosha viyoyozi na kupaka paa rangi linapewa mwaka mzima, si miezi miwili.

Sasa sikia sehemu ya kutapisha. Jiji lenu halikufutwa. Halmashauri imeleta maelezo kwamba fundi kibarua aliunganisha waya kwa makosa, pasipo ofisa yeyote kujua. Mkurugenzi ameyapokea kwa mikono miwili. Wamepewa hadi Desemba wajaribu tena. Mwongozo wangu mpya uko mezani kwake haujasainiwa, anasema jambo la kosa la fundi mmoja halibadilishi sheria ya miji yote. Nikimwambia haikuwa kosa, ananiuliza nina nini mkononi. Sina kitu mkononi. Nina barua yako, na wewe ndiye mtuhumiwa.

Unaishije? Usinijibu kwa mzaha.

Mpwa wako


9 Agosti

Mpwa wangu,

Naishi kwa kutengeneza pasi na redio, na mama yako amenipa zile feni zake mbovu nizifufue. Kazi hiyo naifanyia pale pale barazani kwake, mbele za watu, anataka wanione.

Jana alasiri nilitembelewa. Bwana Asilimia mwenyewe, amekuja kwa miguu, ameacha gari kona ya mbali. Alikaa kwenye kiti changu kizuri. Akasifia nyumba. Akasema yaliyopita si ndwele, akasema mimi ni fundi asilimia mia, na hakuna mwingine anayejua nyaya za jengo lile zinakoelekea, jambo ambalo ni kweli, maana waliotangulia wamekufa. Kisha akatoa bahasha. Barua ya ajira ya kudumu, jina langu, muhuri, saini yake.

"Na kazi ya kwanza, mkuu?"

"Ndogo tu. Zahanati sasa ina macho mengi. Lakini ule ukuta wa upande wa pili..."

Ukuta wa upande wa pili ni shule ya msingi.

Ningependa kukuandikia kwamba nilimtemea mate. Sikufanya hivyo, mpwa wangu. Niliisoma barua ile mara mbili, na mara ya pili niliisoma polepole.

Halafu nikamwambia sikielewi kisanduku cha shule kiko wapi, kiko nyuma ya vyoo au karibu na darasa la kwanza? Akasema nyuma ya vyoo. Nikasema mimi mtu wa kuona, si wa kusikia. Basi akanichorea. Alitumia karatasi ya halmashauri, ndiyo aliyokuwa nayo. Amechora ukuta, vyoo, mita ya shule, na viyoyozi vitatu vya meya, kila kimoja na jina lake. Pembeni akaandika "ifanyike kabla ya tarehe mosi Septemba". Alipomaliza akasaini chini. Sikumwomba asaini. Mtu aliyesaini makaratasi miaka ishirini mkono wake hauwezi kuondoka kwenye karatasi bila kusaini, kama vile mimi siwezi kutoka chumbani bila kugusa swichi.

Nilimsindikiza hadi kwenye gari.

Mchoro na barua ya ajira vyote viwili vimo humu, umwekee Mkurugenzi mezani na uwape nakala wale mameya wanne waliokwenda kuona. Ajira ya kudumu niliingoja miaka tisa. Nimekuwa nayo usiku mmoja na dakika ishirini, ndio mwendo wa kutoka kwangu hadi posta.

Mjomba wako, Fundi